Mlango Ulikuwa na Cheti

Fundi wa lifti alikuwa ameshakiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Mama huyu alizoea watu wanaokana. Mtu anakamatwa na kuku kwapani, anakwambia kuku kaja mwenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo kazi inajulikana. Lakini huyu fundi alikiri kabla hajapewa hata kiti, akasaini maelezo yake kwa herufi kubwa, akavua mkanda na kamba za viatu bila kuambiwa, akaenda kukaa kwenye benchi la selo kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Maelezo yenyewe yalikuwa mafupi. Kwamba yeye ndiye aliyetoa kulabu ya mlango wa lifti, ghorofa ya tatu, pale hospitali. Kwamba yeye ndiye aliyezungusha ufunguo wa dharura kule chini. Kwamba mlango wa juu ulifunguka wakati lifti haipo, muuguzi akaingia kinyumenyume huku akivuta kitanda, akaanguka shimoni. Na kwamba muuguzi huyo ni mke wake wa ndoa.

Mwendesha mashtaka alilitaka jalada alasiri ile ile. Kwa karatasi kama hiyo, fundi alikuwa anakwenda na maji.

"Kulabu uliitoa kwa nini?" Inspekta aliuliza, akiwa amesimama nje ya nondo.

"Niliitoa tu."

"Mtu hatoi chuma cha mlango wa lifti 'tu', kama anayevua koti."

"Basi andika nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Fundi aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilitulia. "Afande, si nimekubali? Unataka nikubali mara ngapi ndipo uridhike?"

"Nani alikutuma?"

"Mkono uliotoa ni huu." Akaunyoosha, mweusi wa grisi, kana kwamba Inspekta angeufunga pingu peke yake na kuuacha mwili wote uende nyumbani.

Walipotokea kwenye korido, koplo aliyefuatana naye alishindwa kujizuia. "Afande, huyu kajipika mwenyewe. Sisi kazi yetu kupakua tu."

"Chukua tochi," Inspekta akasema. "Na uvae viatu visivyoteleza."

*

Ghorofa ya tatu ilikuwa imezungushiwa utepe. Kitanda kilikuwa palepale kilipoachwa, magurudumu ya mbele yamekwama kwenye kizingiti. Hicho ndicho kilichomwokoa muuguzi: kitanda hakikumfuata. Naye hakufika chini kabisa, aliangukia paa la lifti iliyokuwa njiani kushuka, akavunjika nyonga. Alikuwa wodini jengo la pili, hai.

Inspekta alilala kifudifudi mlangoni, nusu mwili ukiwa shimoni, koplo akiwa amemshika mkanda kwa mikono miwili.

"Ukiniachia nitakushusha cheo nikiwa hewani."

"Sikuachii, Afande. Ila unapumua sana."

Alimulika nyuma ya mlango. Alikuwa ameshasoma kuhusu hizo kulabu. Kila mlango wa lifti, kila ghorofa, huwa na kulabu ya chuma kwa nyuma. Lifti ikifika, mwili wake wenyewe unaisukuma kulabu, mlango unaachiwa. Lifti isipokuwepo, hata ukileta tembo, mlango haufunguki. Chuma hakibembelezeki, na hakijali kompyuta inasema nini.

Hapa kulabu haikuwepo. Lakini pale ilipokuwa palifunikwa kwa bamba dogo, limekatwa kwa mashine, kingo laini, limepakwa rangi ile ile ya mlango. Katikati ya bamba pamegongwa nembo ya kampuni iliyofunga lifti.

Akaomba milango mingine ichunguzwe. Ghorofa ya pili, bamba. Ya nne, bamba. Ya chini, bamba, na nembo yake.

"Unaona nini?" akamuuliza koplo.

"Naona kazi safi."

"Mtu mwenye haraka hatengenezewi vifuniko kiwandani. Wala mwizi habandiki nembo. Hizi kulabu zilitolewa kwa mpango, na mpango haukuwa wa fundi."

Wakati wanashuka kwa ngazi walikutana na muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye saa iliyoning'inia kifuani. Inspekta akauliza hali ya mgonjwa.

"Anajitahidi. Maumivu anayaweza, maswali ndiyo yanamchosha. Kila mtu anamuuliza yeye, hakuna anayemjibu."

"Anatembelewa?"

"Mumewe kabla hamjamchukua alikuwa anafika mlangoni tu, haingii. Dada yake anaingia. Anakaa, anamkanda miguu, mgonjwa akiuliza lifti imekuwaje dada anaanza kulia. Na ndiye angejua kuliko wote, maana anafanya kazi hukohuko kwenye kampuni ya lifti. Wanamwita Profesa."

Inspekta alisimama kwenye ngazi. "Dada wa muuguzi. Yaani shemeji yake fundi."

"Ndiyo huyohuyo. Yeye ndiye aliyemtafutia fundi kazi."

*

Ofisi za kampuni zilikuwa juu ya duka la vigae. Mkurugenzi, bwana mnene mwenye tai iliyolegea, aliwapokea kwenye chumba chenye dari refu. Katikati ya chumba alisimama mnara wa chuma, lifti ndogo ya majaribio: ghorofa nne, milango minne midogo, na sanduku la ukubwa wa begi la safari likining'inia kwa nyaya. Kando yake meza, kompyuta, na watu wawili. Mmoja kijana aliyejikunja kama kifaranga, mwandishi wa programu. Wenzake walimwita Mabano. Mwingine mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, miwani mikubwa. Huyo hakuhitaji kutambulishwa. Alikuwa na paji la uso la yule mgonjwa wa kwenye picha ya jalada.

Inspekta aliweka mezani bamba alilolibandua hospitali. Likatoa mlio.

"Nani aliagiza hivi vitengenezwe?"

Mkurugenzi alilitazama, akatoa leso. "Mimi."

"Kwa hiyo fundi kadanganya polisi."

"Fundi alifuata mchoro wetu. Lifti zetu tunaziuza bila kulabu, mama. Ndio uzuri wake, hazikwami, hazihitaji grisi. Nilijua nikisema hivi kampuni imekufa. Nikanyamaza, nikamwacha mtu ajipalie makaa." Akajifuta shingo. "Niandike mimi."

"Hapana, ni mimi," Mabano akadakia, sauti imepanda. "Mimi ndiye niliyeongeza mapumziko ya mota. Ile mota ya mlango ilikuwa inapata moto kwa sababu ya vitanda, nikaandika ikipata moto ipumzike kidogo kabla ya kufungua. Tangu muuguzi aanguke sijalala."

Inspekta alimtazama koplo. "Andika polepole. Leo kila ninayemgusa anakiri, selo hazitatosha."

Ni mmoja tu ambaye hakuwa amefungua mdomo. Inspekta alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Na wewe, Profesa? Huna lako?"

"Mlango haufunguki bila cheti," alisema Profesa. "Imethibitishwa."

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako."

Profesa alishika miwani. Alipoanza kusema maneno yalitoka yamenyooka, kama somo alilolirudia mara nyingi. "Kompyuta kwa asili yake haijui kitu. Mlango kwake ni namba, breki ni namba, ghorofa ni namba. Mwandishi akipitiwa akachanganya, inapokea tu, na kosa linakuja kuonekana mtu ameshaumia. Sisi tukaunda lugha yetu ya kuandikia programu. Humo kila kitu kina aina yake, na kila aina ina sheria zake. Halafu kuna mkaguzi, naye ni programu, anasoma kila mstari kabla haujaingia kwenye lifti. Sheria ikivunjwa, anakataa."

"Tunamwita Mama Mkwe," Mabano akanong'ona. "Hakuna unachompikia akasifu."

Koplo alicheka, akajikohoza.

"Sheria kuu ni ya cheti," Profesa akaendelea. "Lifti ikifika ghorofani, kifaa cha kuihisi kinatoa cheti. Si cha karatasi, ni kitu ndani ya programu. Hakinakiliwi, hakighushiwi, na ukishakitumia kufungua mlango kimekufa. Mstari wowote unaojaribu kufungua mlango bila cheti, Mama Mkwe anautupa. Na nikakaa na kalamu nikathibitisha kwa hesabu kwamba Mama Mkwe hawezi kudanganywa. Ndiyo maana tukasema, kulabu ya nini tena?"

"Mkasema. Nani alisema?"

Mkurugenzi akaangalia dirishani.

"Mimi nilisema," alijibu Profesa. "Kwenye kikao, hapahapa. Fundi alipinga. Alisema chuma hakihitaji kusoma. Nikamcheka. Nikamwambia, shemeji, wewe baki na bisibisi yako."

"Naye akatoa kulabu."

"Akatoa. Ila uthibitisho uko sawa. Nimeurudia wote. Hauna kosa."

Inspekta aliinuka, akauendea ule mnara. "Huu una programu ileile?"

"Ileile," Mabano akasema.

"Basi tuirudie siku ile. Siku ile vitanda vilikuwa vingi, mota ikapata moto. Ipe moto."

Mabano akafungua na kufunga mlango mdogo wa tatu, tena na tena, mpaka taa ndogo ikawaka njano. Inspekta akamwambia aiite lifti ghorofa ya tatu. Sanduku likapanda, likasimama nyuma ya mlango. Kengele ikalia, ting. Mlango haukufunguka.

"Mota inapumzika," alisema Mabano.

"Na huu ndio ufunguo wa dharura?" Inspekta alikuwa ameshaushika, chini ya mnara. "Wa kuita lifti chini kukiwa na mgonjwa mahututi?"

"Ndiyo."

Akauzungusha. Sanduku likashuka bila kelele. Likapita mlango wa pili. Pale juu taa ya njano ikazimika, mota ikaguna, na mlango wa tatu ukafunguka taratibu, wazi kabisa, kwenye shimo tupu.

Kwenye kompyuta maandishi ya kijani yalikuwa palepale: sheria zote zimefuatwa.

"Ulifunguka bila cheti?" Inspekta akauliza.

"Ulikuwa nacho," Profesa akajibu. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Ulikuwa umekishika tangu lifti ilipofika. Lifti ikaondoka, cheti kikabaki mkononi."

"Kwa hiyo shahidi wako, huyo Mama Mkwe, hakusema uongo. Kaulizwa kama cheti kipo, kasema kipo. Kama lifti ipo, hakuna aliyemuuliza." Inspekta akarudi kwenye kiti. "Nimekaa na mashahidi wengi wa hivyo. Kosa huwa si lao, ni la aliyewauliza. Wewe ulimuuliza nini, Profesa?"

Profesa alivua miwani, akaiweka juu ya lile bamba la chuma.

"Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, cheti kiwe cha kuazima. Anayekishika anakuwa ameshika na breki, lifti haiwezi kuondoka mpaka cheti kirudishwe. Ndiyo njia sahihi, naijua, nimewahi kuifundisha. Lakini uthibitisho wake ulinigomea, kila nikiufunga huku unafumuka kule. Na lifti zilikuwa zinasubiriwa. Nikachukua njia ya pili, cheti cha kutoa moja kwa moja, kisichorudishwa, nikaweka mstari mmoja juu kabisa: tuchukulie kwamba lifti ikishafika haiondoki mpaka mlango ufunguke. Juu ya mstari huo kila kitu kikasimama vizuri."

"Na Mama Mkwe?"

"Mama Mkwe hakagui ninachokichukulia. Hicho anakipokea kwangu, kwa heshima."

"Mstari huo ulikuwa uongo?"

"Siku hiyo ulikuwa kweli. Mlango ulikuwa unafunguka papo hapo, na ufunguo wa dharura haukuwepo. Baadaye hospitali wakaomba ufunguo, tukauongeza. Mabano naye akaongeza mapumziko. Kila tulichoongeza Mama Mkwe alikipitisha, tukawa tunapongezana. Mstari wangu hakuna aliyerudi kuuangalia. Wa kurudi nilikuwa mimi."

Mabano alikuwa ameweka kichwa mezani. Inspekta akauliza, bila kupandisha sauti:

"Umelijua hili leo, hapa?"

Profesa aliigeuza miwani juu ya bamba.

"Nakuuliza kwa sababu ulikaa kando ya kitanda cha mdogo wako, unamkanda miguu. Anakuuliza lifti imekuwaje, wewe unalia. Mtu asiyejua husema sijui."

"Alipoamka," Profesa akaanza. "Alipoamka aliniambia, dada, mbona nilisikia kengele? Nilisikia lifti imefika, ndiyo maana sikugeuka kutazama. Kengele ile inalia cheti kinapotolewa, si vinginevyo. Nikajua palepale. Hata hajamaliza sentensi."

"Na shemeji yako?"

"Nilimkuta kwenye korido nikamweleza. Akaniambia ninyamaze. Akasema, mke wangu hana mama, hana baba, ana wewe tu. Mimi mume anaweza kunisamehe au kuniacha, lakini wewe akikukosa atabaki na nani? Akasema ufunguo kaugeuza yeye, kulabu katoa yeye, basi na hili abebe yeye." Machozi yalikuwa yanashuka, hakuyafuta. "Nami nikamwachia abebe. Nikaenda nyumbani nikala nikalala."

Hapo ndipo koplo, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama, aliuliza swali ambalo Inspekta alikuwa anajiandaa kuliuliza.

"Samahani, dada. Lifti za hivi ziko wapi kwingine?"

Mkurugenzi aligeuka kutoka dirishani.

"Ziko hospitali nyingine," Profesa akasema.

"Na ufunguo wa dharura zinao?"

"Zinao."

"Na zinatembea? Sasa hivi tukiwa tumekaa hapa?"

Profesa akaitikia kwa kichwa.

Inspekta hakugombeza. Alichukua simu ya mezani, akaisukuma mpaka mbele ya yule mwanamke, waya ukaburuza kalamu zikaanguka chini. "Piga. Zote. Mkurugenzi atakutajia namba."

"Niseme nini?" Mkurugenzi akauliza haraka. "Tunaweza kusema ni matengenezo ya kawaida, ili watu wasi—"

"Sijakuambia wewe."

Profesa alipiga. Kauli ilinyooka. "Simamisha lifti za vitanda. Usisubiri mtu ashuke kwa raha zake, mtoe, simamisha. Sababu? Uthibitisho wangu una kosa. Ndiyo, wangu. Andika jina langu." Akakata, akapiga nyingine, akarudia yaleyale, hakupunguza neno. Mabano akasimama pembeni yake akimpangia namba. Kwa simu ya mwisho upande wa pili walibishana. Walisema wana mama mjamzito anapandishwa. Profesa alisimama na kupiga kelele kama mwehu: ngazi, mpandisheni kwa ngazi, mbebeni! Kisha akabaki ameshika simu sikioni, akisikiliza hatua za watu na mtu anayehesabu moja, mbili, inua, mpaka waliposema wamefika.

Alipoiweka chini aliomba kitu kimoja. "Afande, kabla hujaandika maelezo yangu, naomba nikamwambie mwenyewe. Asiyasikie kwa muuguzi wa zamu."

"Utakwenda na askari."

"Hata pingu nivae."

"Pingu za nini? Kamwambie, halafu urudi uandike. Na bwana huyu," akamwonyesha Mkurugenzi kwa kidevu, "anakuja na sisi sasa."

*

Selo ilikuwa na joto. Inspekta mwenyewe ndiye aliyefungua, akamwekea fundi kwenye benchi mkanda wake na kamba za viatu.

"Mwendesha mashtaka nimeongea naye. Maelezo yako yatabaki kwenye jalada kama maelezo ya shahidi, na utayaandika upya, safari hii kwa ukweli. Hushtakiwi."

Fundi aliuangalia ule mkanda, hakuugusa. "Nani kakwambia uniondolee kesi?"

"Lifti nyingine zilikuwa zinatembea, baba. Ulijua?"

Uso wa fundi ulibadilika polepole, kama mtu anayehesabu kitu alichokisahau. "Hatukufikiria," akasema mwishowe. "Mimi na yeye tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja tu."

"Zimesimamishwa. Kazisimamisha mwenyewe, kwa jina lake."

"Yuko wapi?"

"Wodini. Ameingia sasa hivi, anamweleza mkeo kwa mdomo wake."

Fundi alivuta mkanda, akaanza kuupitisha kiunoni. Akafika nusu, akaacha. Alichukua kamba ya kiatu, akatafuta tundu, vidole vikakosea, akaiweka tena chini. Kisha akakaa, mgongo ukutani, mikono ile ya grisi magotini.

"Naomba nikae hapa kidogo," alisema. "Nikienda sasa nitamkuta hajamaliza. Akiniona ataishia katikati."

Inspekta alitoka, akauacha mlango wazi. Koplo alikuwa kaunta, kitabu cha mahabusu mbele yake, kalamu imeinuliwa.

"Afande, nimwandike ameachiwa?"

Inspekta alitazama nyuma. Yule mtu hakuwa amesogea.

"Subiri. Ataondoka akiwa tayari."